Mfumo Uliochaguliwa

Nchi yenyewe tusiitaje. Si woga, ni heshima tu, kama mtu asivyolitamka jina la mkwewe mbele za watu. Anayetaka kuitambua ataitambua: ndiyo ile ambayo taa za barabarani huwashwa mchana ili wageni wazione, kisha huzimwa usiku zipumzike. Watu wake wana furaha. Furaha hiyo hupimwa kila mwaka na Wizara, na tangu ianze kupimwa haijashuka hata mara moja.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, Mtaa wa Mchicha, aliishi Bi Sikudhani. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vinane, naye akaona vyumba vinane kwa mtu mmoja ni sawa na kaburi lenye milango mingi. Akaijaza. Chumba cha mbele alimpa shangazi yake, Bi Mashavu. Kikafuata cha fundi cherehani na mkewe na pacha wao, kisha cha wauguzi wawili waliokuwa wakipokezana kitanda, kisha vya binamu waliokuja kwa ajili ya arusi wakasahau kuondoka. Barazani aliweka mashine ya fotokopi, kompyuta moja yenye feni inayokoroma, na mabenchi. Mtu alikuja kutoa kopi ya cheti akakaa mpaka wali ukapakuliwa. Hakuna jambo lililotokea mjini likapita bila kuketi kwanza kwenye yale mabenchi: nani kamwacha nani, nani kapandishwa cheo, mke wa nani kaonekana akinunua sanda wakati mumewe bado hata hajaugua.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomnyima raha. Mwaka uliotangulia, Mtaa wa Karafuu, uliopakana na wao, ulichaguliwa kupata maendeleo. Wakazi walipandishwa kwenye mabasi mazuri yenye mapazia wakapelekwa Makazi Mapya, mahali ambapo kila mtu alipasifu na hakuna aliyewahi kupaona. Tangu siku hiyo, ukimpigia simu mtu wa Karafuu unaambiwa hapatikani. Redio ilieleza kwamba huko watu wana furaha nyingi mno hata hawapati muda wa kupokea simu. Bi Sikudhani alikuwa na shoga yake huko, Bi Karama, mwanamke asiyeweza kunyamaza hata akiwa anameza. Hilo la kukosa muda halikumwingia. Tangu hapo, watu wake walipokaa kula ukumbini, yeye aliwatazama mmoja mmoja kama anayetazama picha ya zamani, mpaka Bi Mashavu akamuuliza anamtolea macho ya nini, au nyama haimtoshi.

Mambo ya tovuti yalianza kwa aibu. Mkuu Mpendwa alikwenda kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, na wakati wa chai wenzake wakaanza kupeana anwani za tovuti za nchi zao. Zamu yake ilipofika akatoa picha yake. Mkuu wa nchi jirani akaigeuza kutafuta anwani nyuma, akaikuta picha nyingine. Aliporudi nyumbani, Mkuu Mpendwa alishuka kwenye ndege bila kupunga mkono. Redio ikapiga nyimbo za maombolezo kutwa nzima, kwa tahadhari, maana haikujulikana kama kuna mtu amekwisha kufa au bado.

Haikupita wiki ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuteua Mfumo wa Kuendesha Tovuti. Kwani tovuti, kama wataalamu walivyofafanua redioni, haijengwi hivi hivi. Kwanza unachagua mfumo wa kuijengea, yaani ile mashine isiyoonekana ambayo ndani yake huyu anaandika habari, yule anaisahihisha, na mwingine anaitoa hadharani au anaifuta. Nchi ikichagua mfumo mbaya tovuti inaanguka, na katika nchi ile kitu kikianguka lazima kimwangukie mtu.

Sheria ilitaka kila tume iwe na mwananchi wa kawaida mmoja. Dereva wa Wizara alileta majina ya wajumbe barazani kwa Bi Sikudhani yatolewe kopi, na mahali pa mwananchi wa kawaida palikuwa patupu. Pale Wizarani, dereva alisema, walikuwa wamekaa asubuhi nzima wakitafuta, na hakuna aliyemfahamu hata mmoja. Bi Sikudhani akafikiri kidogo. Mtaa wa Karafuu ulipangwa na tume, ndani ya chumba, na wenyewe walikuwa nje wakikaanga samaki. Akaandika jina lake. Akajiambia kwamba siku Mchicha itakapotajwa, angalau mtu mmoja wa Mchicha atakuwa ameketi pale pale.

Tume ilikaa katika ukumbi wa Wizara, wenye mapazia mazito na kiyoyozi ambacho swichi yake ilikwisha potea, hivyo kilivuma mwaka mzima na wajumbe walivaa makoti. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kirumbuyo, mtu aliyekwisha kuongoza tume zote zilizowahi kuundwa, ikiwemo ile ya kuchunguza kwa nini tume ni nyingi. Kuliani kwake aliketi Brigedia Mwinchande wa Usalama, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Yeye alijua majina ya watoto wa kila mjumbe na hakusahau kuwaulizia. Kushotoni alikaa Mhandisi Elinami, aliyesomea mambo hayo ng'ambo na ambaye peke yake ndiye aliyewahi kuiona mifumo yenyewe kwa macho. Kikao cha kwanza Elinami aliongea kuliko wote. Cha pili akapunguza. Kuanzia cha tatu alikuwa akijibu kwa kichwa.

Bi Sikudhani alichelewa kuelewa kwa nini. Katika nchi ile kulikuwa na utaratibu wa siku nyingi: mtoa hoja ndiye mbeba hoja. Ukisema kikaoni kisima kichimbwe, kisima ni chako, na siku kikikauka unaulizwa wewe uliyanywaje maji yote. Kwa hiyo watu wazima, waliopanda vyeo wakafika walipofika, hawakuwa wakitoa hoja. Walikuwa wakiunga mkono.

"Naunga mkono," angesema mjumbe mmoja baada ya kimya kirefu.

"Hoja ipi, Mheshimiwa?" angeuliza Mwenyekiti.

"Itakayotolewa."

Na wengine wote wangegonga meza.

Kwa namna hiyo walipitia mifumo mitatu. Wa kwanza ulikuwa mwepesi, unatumika dunia nzima, na mtu yeyote aliruhusiwa kuufungua aone ulivyoundwa ndani. Brigedia aliomba hilo la mwisho lirudiwe. Liliporudiwa, akauliza kwa upole kama kuna nchi yenye akili timamu inayoweza kukaa ndani ya kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua akaona ndani. Mfumo ukaondolewa mezani, na Elinami akaulizwa mwanawe wa pili anasoma shule gani siku hizi. Mfumo wa pili ulikumbwa na balaa la kuwa unatumiwa na nchi jirani. Wa tatu ulikuwa mzito, mwisho wa uzito. Kila ulipobonyezwa ulifikiri, ukafikiri, kisha ukaandika katikati ya kioo: Tafadhali subiri. Wajumbe waliitazama ile sentensi wakaguswa. Serikali ilikuwa ikiwaambia wananchi maneno hayo hayo tangu uhuru, na hapa mashine ya kigeni ilikuwa imeyajua bila kufundishwa. Mfumo wa tatu ukapita bila mtu hata mmoja kuupendekeza.

Tatizo likaja kwenye vyeo. Elinami alieleza, akitazama viatu vyake, kwamba mfumo una ngazi. Chini kuna mwandishi, juu yake mhariri, juu yake msimamizi. Na juu kabisa lazima awepo mmoja, Msimamizi Mkuu, anayeweza kufuta neno la yeyote na kumwondoa yeyote, na ambaye yeye mwenyewe hakuna wa kumwondoa.

"Hata mwandishi akiwa Mkuu Mpendwa?" Brigedia aliuliza.

Elinami akajibu kwa kichwa.

Kiyoyozi kilisikika. Kumpa mtu mwingine cheo hicho ni kumweka mtu juu ya Mkuu Mpendwa, na jambo hilo lina jina lake, na jina hilo lina jela yake. Kumpa Mkuu Mpendwa mwenyewe ndiyo hatari zaidi, kwa sababu siku kosa likitokea litakuwa lake, na Mkuu Mpendwa hakuwa na utaratibu wa kuwa na makosa. Wajumbe wakakaa. Chai ikaja ikapoa ikaondolewa. Mjumbe mmoja aliunga mkono, kisha akakaa chini.

Sasa Bi Sikudhani alikuwa na ugonjwa mmoja, kimya hakukiweza. Kimya kilimuwasha mwili kama upupu. Alivumilia alivyovumilia, mwishowe mdomo ukafunguka wenyewe, kwa utani, kama angekuwa barazani kwake.

"Si mumpe Marehemu Mwasisi? Yeye hana wa kumwonea wivu."

Mwasisi ndiye aliyeiasisi nchi. Alikuwa amelala ndani ya jumba la marumaru katikati ya mji, na askari wawili mlangoni. Alikuwa juu ya kila mtu, hakuwa hai, na hakuwahi kupingwa tangu afe. Wajumbe walimtazama yule mwanamke wa fotokopi. Halafu wote kwa pamoja, kwa sauti ya watu walionusurika ajalini, wakaunga mkono.

"Mtoa hoja, Bi Sikudhani," Mwenyekiti akamwambia karani. "Andika vizuri hilo jina."

Likaundwa jina la Mwasisi ndani ya mfumo, na juu yake hapakuwa na mtu. Neno lake la siri lilitengenezwa kwa hekima kubwa. Kila mjumbe alikwenda kwenye kompyuta akaandika neno lake moja, huku wengine wote wamesimama na nyuso zao ukutani kama watoto waliopewa adhabu. Yakaungana yakawa neno moja refu ambalo hakuna mtu aliye hai aliyelijua lote. Mwasisi, walisema, atabaki juu, amelala salama, na mlango wake hautafunguka milele.

Ndipo mfumo ukauliza namba ya simu ya Msimamizi Mkuu. Mwasisi alikufa kabla ya simu za mkononi. Mheshimiwa Kirumbuyo akasema la kuuliza halipo, kila kinachohusu hoja kinabebwa na mtoa hoja. Wakaandika namba ya Bi Sikudhani. Yeye mwenyewe aliitaja kwa sauti, mara mbili, kama alivyozoea kuwatajia wateja.

Kilichobaki kilikuwa uzinduzi. Mkuu Mpendwa hawezi kukata utepe hewani. Lazima pawe na mlango, na mlango ukiwepo lazima uwe na jengo. Mwenyekiti akatangaza kwamba litajengwa Jengo la Tovuti la ghorofa kumi na mbili, na kwamba kiwanja kimekwisha kupatikana. Ni Mtaa wa Mchicha. Wakazi wangehamishiwa Makazi Mapya mwezi uleule.

Siku aliyoingojea ilikuwa imefika na yeye alikuwa ameketi pale pale. Bi Sikudhani alisimama. Alisema huo ndio mtaa wake, kwamba nyumba yake ina watu ndani, wazee, watoto, mafundi. Alizungumza vizuri, wengi walitikisa vichwa kwa huruma. Alipomaliza, karani alimuuliza kama hiyo ni hoja, na kama ni hoja, atabeba yeye ghorofa kumi na mbili azipeleke wapi.

Brigedia alimsindikiza mpaka mlangoni, akimshika kiwiko kama mtoto wa kiume anavyomshika mama yake.

"Bi Mashavu magoti yanaendeleaje?" aliuliza. "Mwambie Makazi Mapya hakuna ngazi."

Bi Sikudhani hakumbuki alifikaje nje, kwenye uwanja wa magari. Anachokumbuka ni kwamba Elinami alikuwa nyuma yake, akijifanya anatafuta gari lake. Alimuuliza swali moja tu: je, mtu akisahau neno la siri inakuwaje? Elinami alitazama huku na huku. Akasema kwamba mfumo, kama mifumo yote duniani, unamhurumia msahaulifu. Unabonyeza palipoandikwa umesahau, nao unatuma tarakimu kwenye simu iliyoandikishwa. Ukiziingiza, unachagua neno jipya, na mlango unafunguka.

"Kwenye simu iliyoandikishwa," Bi Sikudhani alirudia.

"Mimi sijasema kitu, dada. Nimeunga mkono tu."

Alifanya kazi hiyo mchana kweupe, barazani kwake, saa ya watu wengi. Fundi cherehani alikuwa akibishana na mteja juu ya kola. Wale pacha walikuwa chini ya meza. Feni ya kompyuta ilikoroma na hakuna aliyemtazama, kwa kuwa alikuwa akifanya kile alichofanya kila siku, anachapa. Simu ikatoa mlio, tarakimu zikaingia, na Bi Sikudhani akawa Mwasisi wa Taifa.

Akajiuliza mtu aliyekufa anaweza kuwa na haja gani na mtaa kama wao, na akaona hakuna kinachokumbukwa kama chakula ulichopewa ukiwa na njaa. Akaandika: Mimi Mwasisi nasema, Mtaa wa Mchicha usiguswe. Siku za kupigania uhuru nilipita hapo nikiwa sijala, nikapewa uji wa ulezi. Bado naukumbuka.

Akabonyeza. Mfumo ukamwambia asubiri. Kisha ukachapisha.

Tusiseme nchi ilitikisika. Tuseme tu kwamba ofisini hakuna aliyekaa kitini. Mhariri alijaribu kulifuta lile tangazo, mfumo ukamwambia cheo chake hakitoshi. Msimamizi akajaribu, hakitoshi. Wakamwamsha Mkuu Mpendwa kwenye usingizi wake wa mchana, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe mbele ya mashahidi, na mashine, ambayo ni ya kigeni na haina adabu, ikamwandikia hivyo hivyo. Jioni Mkuu Mpendwa alisikika redioni akilia machozi ya furaha. Alisema Baba amezungumza. Walinzi wa lile jumba la marumaru wakaongezwa kutoka wawili hadi kikosi, na wote walisimama wakiwa wamegeukia ndani.

Matingatinga yaliyokuwa yamekwisha kuegeshwa mwanzo wa mtaa yakawashwa, yakageuza, yakaondoka. Mchicha ililia, ikacheka, ikapika. Nyumba ya Bi Sikudhani ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mashine ya fotokopi. Naye katikati yao alikuwa na habari kubwa kuliko zote zilizowahi kupita barazani pale, habari ambayo ingemfanya malkia wa mji, na hakuweza kumwambia mtu. Alijaza mdomo wali ili usifunguke.

Kisha wajumbe wa Tume wakaanza kwenda masomoni. Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Yule aliyeandika kipande cha mwisho cha neno la siri alikwenda kwanza. Akafuata Mheshimiwa Kirumbuyo, akiwa na miaka sabini na minne, kwenda kuchukua shahada ya udongo. Mkewe alikuja barazani kutoa kopi ya picha yake ya pasipoti, nakala nyingi, na hakukaa kwenye benchi. Elinami alipata nafasi ya masomo katikati ya sentensi, akiwa dukani ananunua mkate. Mkate wenyewe mwenye duka aliuweka juu ya kabati, akisema pengine atarudi.

Mtaani, mambo mengine kabisa yalikuwa yakiota. Ilianza na Bi Mashavu. Asubuhi moja alisema, huku akipepeta mchele, kwamba ule uji ulikuwa wa mama yake. Siku ya pili alisema yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kata. Wiki haijaisha akawa anakumbuka kanzu aliyovaa Mwasisi, kiraka chake, na namna alivyopuliza uji kabla ya kunywa. Mke wa fundi cherehani akasema ajabu, maana nyanya yake alimwambia hivyo hivyo, ila uji ulikuwa wao. Mtaa mzima ukaanza kukumbuka. Watu wakanuniana kwa sababu ya sukari, nani aliitia, nani aliazima. Bi Sikudhani alipojaribu kusema labda Mwasisi hakuwahi kupita mtaa ule, Bi Mashavu alimtazama kwa huruma.

"Ulikuwa mgongoni, mwanangu, unalia. Utakumbuka nini?"

Bi Sikudhani alizaliwa miaka kumi na moja baada ya uhuru, lakini hilo halikuwa na nguvu tena.

Brigedia Mwinchande alikuja peke yake, wakati watu wako sokoni na kazini. Aliketi kwenye benchi kama mteja, akasifu baraza, akaomba maji. Baada ya kunywa alimwambia Bi Sikudhani asiwe na wasiwasi, kwamba walijua tangu kabla hajamaliza kuandika. Namba ilikuwa yake, aliitaja mwenyewe kikaoni. Mkuu Mpendwa mwanzoni alikasirika, halafu akafikiri, halafu akapenda. Kulikuwa na mambo mengi ambayo yeye hawezi kuyasema kwa mdomo wake, kwa sababu ya wageni. Mwasisi angeweza kuyasema yote na hakuna wa kumpinga. Wajumbe wale wengine walipelekwa masomoni kwa sababu ya usafi tu, ili wasibaki watu wanaofikiri wanajua.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa naandika mnachoniletea," Bi Sikudhani alisema.

"Wewe ndiye mtoa hoja, mama."

Akatoa mfukoni kikaratasi, cha kwanza cha kuandika. Kilikuwa kifupi: Mimi Mwasisi nawaita kwangu wote walioninywesha uji pale Mchicha. Waje na watoto wao. Mabasi yatawafuata kesho asubuhi.

Bi Sikudhani alisoma, akasoma tena. Akauliza watu wale wamekosa nini. Brigedia alieleza bila hasira, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake, kwamba hawajakosa. Ila mtu akishamnywesha uji Mwasisi anaanza kuzoea. Leo hataki kuhamishwa, kesho atataka kuulizwa. Na kiwanja bado kinahitajika. Nyumba yake yeye isingeguswa, aliongeza, vyumba vyote vinane, hata rangi wangempakia upya. Asipoandika, basi itabidi itangazwe kwamba lile la kwanza liliandikwa na mtu, na mtaa uulizwe ni mtu gani, na kila nyumba iulizwe kwa zamu yake.

"Kesho asubuhi nipite niangalie," alisema, akarudisha bilauri mezani kwa adabu.

Bi Sikudhani alikaa mbele ya kompyuta na hakuiwasha. Kwa mara ya kwanza alijua la kufanya na lilikuwa jambo moja tu, lile ambalo alikuwa akilijua maisha yake yote. Watu waliporudi, kabla ya chakula, aliita nyumba nzima na majirani. Baraza likajaa, madirisha yakajaa. Akawaambia kila kitu. Aliwaambia juu ya Tume na nyuso ukutani, juu ya simu na tarakimu. Akasema Mwasisi ni yeye, ni huyu Sikudhani wanayemjua, na kwamba uji haukuwahi kuwepo, aliubuni kwa kuwaonea huruma. Akawaambia wafungashe, waondoke usiku huo huo, kila mtu kwao, wasisubiri kuche.

Walimsikiliza kwa upole wa kutisha. Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mke wa fundi cherehani akasema si vizuri mtu kuwaonea wenzake kijicho kwa sababu kwao hawakuwa na uji.

"Hamniamini," Bi Sikudhani alisema. "Basi sikieni walichoniletea."

Akakisoma kile kikaratasi kwa sauti, chote, ili wasikie ubaya wake. Mimi Mwasisi nawaita kwangu wote walioninywesha uji pale Mchicha. Waje na watoto wao. Mabasi yatawafuata kesho asubuhi.

Alidhani wameelewa. Alimwona Bi Mashavu akifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwendea amkumbatie, na yule mzee akamshika mikono yote miwili.

"Anatuita," Bi Mashavu alisema. "Sikudhani, mwanangu, Mungu akubariki kwa kutuletea habari hii."

Aliwafuata mlango kwa mlango. Aliwauliza walikwenda wapi watu wa Karafuu, akawapa simu yake wampigie Bi Karama wasikie wenyewe. Walimjibu kwamba Karafuu hawakuitwa, wao walihamishwa tu. Kila sanduku lililofungashwa lilikuwa la nguo nzuri. Fundi cherehani alishona mpaka vidole vikamuuma, maana kila mtu alitaka kupunguziwa au kuongezewa kitu. Watu wa mtaa wa pili walisikia, na wao pia wakaanza kukumbuka uji.

Asubuhi Brigedia alipofika alikuta foleni imeanzia kwenye ngazi za Bi Sikudhani na mwisho wake hauonekani. Watu walikuwa wamepaka mafuta, watoto wameshikana mikono, mtu amebeba kata ya uji ndani ya kitambaa cheupe. Mabasi matatu yenye mapazia hayakutosha. Ikabidi yaitwe mengine. Brigedia alipanda barazani, akawasha kompyuta mwenyewe, akaitazama tovuti kwa muda. Tangazo la kuwaita halikuwepo.

"Hukuandika," alisema.

"Sikuandika."

"Umewaambia kwa mdomo."

Brigedia aliitazama foleni, akamtazama yeye, akaitazama tena foleni, na usoni mwake kulikuwa na kitu kinachofanana na heshima.

"Sasa tulihangaika na tovuti ya nini, mama?"

Bi Mashavu alipandishwa basi la kwanza, kiti cha mbele, kwa sababu ya magoti. Bi Sikudhani alijaribu kupanda nyuma yake, na askari mmoja akamzuia kwa mkono wazi, bila kumsukuma, akamwambia jina lake halimo. Mapazia yalifungwa. Watu walikuwa wakiimba, na wimbo uliendelea kusikika mpaka barabara kuu, halafu ukawa mvumo wa magari.

Wiki iliyofuata ripoti ya mwisho ya Tume ilisomwa redioni. Ilishukuru, ikapongeza, ikataja ugumu wa kazi na uzalendo wa wajumbe walioko masomoni. Halafu msomaji akasema kwamba baada ya kuilinganisha mifumo yote kwa kina, ule uliochaguliwa kuendesha habari za taifa kuanzia sasa ni Bi Sikudhani wa Mtaa wa Mchicha, nyumba ya vyumba vinane, barazani.

Yeye alikuwa jikoni. Aliiacha sufuria ikitokota, akatoka mbio ukumbini na mwiko mkononi, mdomo wazi, akageuka huku na huku amwambie mtu.